Ripoti ya Mazingaombwe

Fomu imeniuliza: Wanafunzi wamejifunza nini?
Imeniachia mistari mitatu.
Nimeandika, "Kutazama kwa makini."
Imebaki miwili, na kalamu bado ina wino.

Mwalimu Mkuu, ngoja nikueleze.

Ijumaa, saa nane, joto la Machi,
feni ya ukumbini inazunguka kama anayefikiria kuacha kazi,
watoto mia na sitini wa Kongowea chini sakafuni,
shilingi ishirini ishirini,
wasionazo nikawaandika kwa penseli
(nimeshafuta).
Akaingia Profesa Chengo wa Mtwapa
na koti la harusi ya mtu mwingine,
mfuko wa mayai, na kuku mmoja
ambaye hakuwemo kwenye makubaliano.

Akameza sarafu. Akaitoa sikioni mwa Swaleh.
Swaleh, ambaye tangu Januari hajainua mkono darasani,
akasimama, akajipapasa sikio,
akauliza ukumbi mzima ukisikia: "Zimo nyingine?"
Hilo nalo niliandike wapi?

Kitambaa kikaingia ngumini chekundu, kikatoka kijani.
Kadzo akasema ni jini. Fumo akasema ni gundi.
Wakabishana hadi kengele,
na mimi, miaka kumi na moja na chaki,
sijapata kuwapa swali la kubishaniwa hadi kengele.

Kisha yai likamponyoka Chengo,
pa!
juu ya kiatu chake.
Kimya. Hata kuku alinyamaza.
Akalitazama, akainama kwa adabu
kama mtu aliyekusudia,
akasema, "Hilo lilikuwa la kweli. Sasa mmeamini."
Wakaangua kicheko. Akaanza upya.
Sisi tukikosea ubaoni hufuta haraka kwa kiganja,
tumewapa mgongo.

Lakini Mwanatumu, safu ya tatu, mwenye soksi moja,
hakucheka.
Mkono wa kulia ulipopaa na kila jicho likapaa nao,
yeye alibaki chini na ule wa kushoto
uliokuwa ukiingia mfukoni polepole, kama paka jikoni.
Chengo akamwona anaona.
Akamkonyeza.
Mtoto akafumba mdomo, na siri ya watu akaistiri.

Jumatatu nikawapa insha. Yake hii hapa,
koma nimezitia mimi:

"Jumamosi nilitumwa sokoni, viazi kilo mbili.
Muuzaji akaninyooshea mkono wa kulia juu ya bati,
Tazama kunguru yule, tazama!
Mimi nikatazama wa kushoto.
Kidole gumba kilikuwa kimekaa juu ya mizani.
Nikamwambia, Ami, kidole chako mimi sikukinunua.
Akaniongeza viazi vitatu na kitunguu."

Nikacheka peke yangu ofisini. Nikageuza ukurasa.

"Usiku Mama akapakua.
Akatupa kisa cha punda aliyegoma kupita Makadara,
mkono wa kulia ukawa masikio, ukawa mkia,
wadogo zangu wakacheka mpaka wakapaliwa.
Wa kushoto ulikuwa ukikwangua sufuria tupu,
ukipeleka kijiko mdomoni,
na kijikoni hamna kitu.
Akatafuna.
Mimi niliona.
Mama akaniona naona.
Nikapiga makofi, nikasema,
Mama, rudia pale punda alipolala barabarani."

Nimempa thelathini na nane kwa arobaini.
Mbili nimemkata kwa zile koma.

Fomu yako nairudisha ilivyo,
mstari wa pili na wa tatu mitupu.
Kesho jioni nitapita kwa kina Mwanatumu.
Kisa nimeshakipata, kirefu, cha kuchekesha,
nitakisimulia kwa mkono wa kulia
tangu mlangoni,
nao wa kushoto utakuwa na unga kilo mbili
ambao utaonekana tu kwamba upo, nyuma ya mlango,
wala haujulikani ulikotoka.

Naomba asinitazame mtoto yule.

Tena: Chengo anadai pesa za yai.